Kampala kwa Mara ya Pili

Yuko mzee mmoja, mwenyeji wa wilaya ya Missenyi katika mkoa wa Kagera, Tanzania, ambaye kwa muda wa miaka zaidi ya 40 aliwasimulia watoto wake, na baada yao wajukuu wake, habari za mji wa Kampala. Aliusimulia jioni baada ya chakula, aliusimulia kilabuni, na aliusimulia misibani, wenzake wa zamani wa jeshini walipokutana kumzika mmoja wao. Haki ya kuusimulia alikuwa nayo. Mwezi wa Aprili mwaka 1979, akiwa kijana wa miaka 22, aliingia katika mji huo kwa miguu pamoja na majeshi ya Tanzania na ya wakombozi wa Uganda yaliyouondoa utawala wa Idi Amin.

Usiku mmoja mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, alimwuliza swali dogo: “Babu, huko Kampala kuna nini?”

Mzee alijibu kwamba kuna mnara wa saa.

“Na kitu gani kingine?”

Mzee akafikiri. Aliikumbuka njia panda aliyoilinda kwa siku tisa, kituo cha petroli ambacho vioo vyake vyote vilikuwa vimevunjwa, giza, na mbwa waliobweka usiku kucha. Kingine hakukikumbuka, kwa kuwa hakukiona. Ndipo alipotambua, na jambo hili alilieleza mwenyewe bila kuficha, kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiusimulia mji asioujua.

Mwezi wa Novemba uliofuata alifunga safari. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe walitaka kumpa kijana wa kumsindikiza, lakini alikataa. Alisema kwamba mara ya kwanza alikwenda na watu wengi mno. Alichukua begi moja, koti la mvua, dawa zake za shinikizo la damu, na daftari ambalo mjukuu wake alimpa ili aandike ndani yake kila atakachokiona.

Njia ya Masaka

Basi liliondoka Bukoba alfajiri, na jua lilikuwa halijawa kali lilipofika Mutukula. Mwishoni mwa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera. Nyumba ya wazazi wa mzee huyu ilikuwa katika ardhi hiyo. Ilichomwa moto, ng’ombe wakaswagwa, na ukoo mzima ukakimbia kusini kwa miguu. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya ajiandikishe.

Leo pale Mutukula pana kituo cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2017. Maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja, na msafiri hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia baada ya hatua chache tu. Ofisa uhamiaji wa Uganda, binti wa makamo ya wanawe, alizifungua kurasa za pasi yake zilizokuwa tupu.

“Umewahi kuingia Uganda kabla ya leo?”

“Ndiyo. Mara moja.”

“Lini?”

“Mwaka 1979.”

Binti yule aliinua macho, akamtazama kidogo, kisha akagonga muhuri. “Karibu tena, mzee,” alisema.

Kutoka mpakani hadi Kampala ni kilometa zaidi ya 200. Barabara hupita Kyotera, ikafika Masaka, kisha ikageukia kaskazini-mashariki. Mji wa Masaka ambao mzee aliukumbuka ulikuwa magofu, maana mwezi wa Februari mwaka 1979 mizinga ya Tanzania iliupiga na majengo yake mengi yakaanguka. Mji aliouona safari hii ulikuwa na maduka, mabenki, mashule na watoto waliovaa sare wakivuka barabara. Mzee aliketi dirishani bila kusema neno mpaka nyumba za mwisho zilipoachwa nyuma.

Mbele kidogo ni Lukaya. Wasafiri wa njia hiyo hupafahamu kwa sababu ya chakula. Gari linaposimama, wachuuzi hulikimbilia na kuinua hadi madirishani mishikaki, mapaja ya kuku na ndizi zilizochomwa ambazo wenyeji huziita gonja. Lakini karibu na hapo, katika barabara ipitayo kati ya vinamasi, yalipiganwa mapigano makali mwezi wa Machi mwaka 1979, na askari wa Libya walikuwa upande wa Amin. Mzee aliutoa mkono wake dirishani, akapokea gonja ya moto iliyofungwa katika karatasi, mahali ambapo zamani alilala kifudifudi matopeni. Aliishika muda mrefu kabla ya kuila. Baadhi ya wenzake wa siku ile wamelala katika makaburi ya mashujaa huko Kaboya, wilaya ya Muleba.

Kilometa zipatazo 70 kabla ya Kampala, mahali paitwapo Kayabwe, barabara huukata mstari wa Ikweta. Duara mbili nyeupe zimesimamishwa kandokando ya njia, na wageni husimama ndani yake kupigwa picha. Mzee aliandika katika daftari: “Nimevuka Ikweta. Mara ya kwanza nilivuka bila kujua.”

Kisha ikaja foleni ya magari. Kutoka Kyengera hadi Natete basi lilitambaa kwa muda wa saa nzima na zaidi. Mzee alimgeukia jirani yake akamwambia kwamba kwa miguu walikwenda upesi zaidi. Jirani alicheka, akidhani ni mzaha.

Teksi, Boda na Kaloli

Mgeni atokaye Tanzania hana budi kujifunza maneno upya afikapo Kampala. Kile ambacho Dar es Salaam au Bukoba huitwa daladala, hapa huitwa teksi: ni gari dogo jeupe lenye miraba ya buluu ubavuni, lichukualo abiria kumi na wanne. Magari hayo hukusanyika kwa mamia katika kiwanja kilichoko bondeni katikati ya mji, na mtu akitazama kutoka juu haoni ardhi, huona paa nyeupe tupu. Ajabu ni kwamba kila gari huijua njia yake ya kutokea. Anayepita hapo na afunge vifungo vya mifuko yake, wala asitoe fedha zote hadharani.

Juu ya hayo kuna pikipiki za boda boda, ambazo huruka mashimo na kupenya mahali ambapo hata mbuzi angesita. Na juu ya majengo husimama ndege wakubwa wenye vipara na midomo mirefu, ambao Baganda huwaita kaloli. Ni jamii ya korongo. Hula taka za mji, hujenga viota vyao katika miti ya mitaani, na huwatazama watu kama mahakimu wazee.

Mzee alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya bei nafuu upande wa Namirembe. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alimpokea mlangoni kwa maneno ya Kiganda: “Kulika ekkubo, ssebo.” Ni pole ya safari apewayo msafiri. Kihaya na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, na mzee aliifahamu salamu kabla ya kutafsiriwa. Aliingia chumbani, akaketi kitandani, na akagundua kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukaribishwa katika nyumba ya Kampala.

Mji Unaotazamwa kutoka Juu

Husemwa kwamba Kampala ilijengwa juu ya vilima saba, lakini leo mji umeenea juu ya vilima vingi zaidi ya hivyo. Jina lenyewe limetokana na swala waitwao impala, waliolisha katika kilima ambacho sasa huitwa Old Kampala. Juu ya kilima hicho Kapteni Lugard alipiga kambi yake mwezi wa Desemba mwaka 1890. Leo umesimama hapo Msikiti wa Taifa. Ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, ujenzi ukasimama kwa muda mrefu, na ukakamilishwa katika miaka ya 2000 kwa msaada wa Libya.

Wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia. Viatu huvuliwa, na wanawake huazimwa mavazi ya kujistiri wakiwa hawanayo. Mnara wa msikiti huo una ngazi yenye vipandio zaidi ya 300. Mzee alivipanda asubuhi ya siku ya pili, akipumzika mara nne, na kijana aliyekuwa akimwongoza akimsubiri kila mara bila kuonyesha haraka.

Kule juu, kijana alimwonyesha vilima kimoja kimoja. Kile chenye kanisa la matofali mekundu ni Namirembe, ambako kanisa kuu la Kianglikana lilimalizika kujengwa mwaka 1919. Kile chenye minara miwili ni Rubaga, makao ya Wakatoliki, na kanisa lake lilimalizika mwaka 1925. Upande mwingine ni Kibuli, wenye msikiti mweupe na chuo cha polisi. Kololo ndipo bendera ya Uganda huru ilipopandishwa mwaka 1962, na Makerere ni mahali pa chuo kikuu. Mbali sana ulionekana ukingo wa Ziwa Victoria, lile lile linalopiga pwani ya Bukoba.

Mzee aliuliza iliko barabara ya Masaka. Kijana alimwonyesha kwa kidole, kutoka Natete hadi mjini. Ilikuwa njia fupi sana. Mwaka 1979 mwendo huo uliichukua siku nzima ya maisha yake. Hawakuwa na ramani, hawakujua kilima gani kina bunduki na kilima gani kina watu wanaosali. Aliuliza pia maana ya jina Namirembe. Kijana alimwambia kuwa mirembe kwa Kiganda ni amani, kwa hiyo Namirembe ni mahali pa amani. Mzee aliliandika neno hilo, kisha akauliza kama kilima kilikuwa na jina hilo tangu zamani. Alipojibiwa kuwa ndiyo, alitikisa kichwa. Alikuwa amepita chini yake na silaha begani.

Mengo na Kasubi

Kutoka Namirembe mtu aweza kwenda kwa miguu hadi Mengo, mahali pa serikali ya ufalme wa Buganda. Kati ya jumba la baraza liitwalo Bulange na kasri liitwalo Lubiri imenyooshwa barabara moja iendayo moja kwa moja. Katikati yake pana mzunguko wenye lango. Watu wote huuzunguka, na Kabaka peke yake ndiye apitaye katikati bila kukunja kona.

Ndani ya ua wa Lubiri mwongozaji huwaeleza wageni mambo ya tarehe 24 Mei mwaka 1966, siku ambayo majeshi ya serikali yaliposhambulia kasri hilo. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye pia aliwahi kuwa Rais wa nchi, alitoroka, akafa ugenini London mwaka 1969, na mwili wake ukarudishwa nyumbani mwaka 1971. Baadaye, katika enzi ya Amin, zilichimbwa chini ya ardhi ya kasri hilo hilo stoo za silaha, nazo zikageuka kuwa mahali pa kufungia na kuwaulia watu. Mpaka leo mtu huweza kusimama mlangoni pake, akauona ukumbi mrefu wa saruji uingiao gizani.

Mzee alisimama mlangoni. Aliivua kofia yake. Mwongozaji alimkaribisha ndani, lakini hakuingia. Alisema kwamba yeye amekuwa askari, na kwamba mahali kama hapo askari ahesabu kwanza aliyoyafanya mwenyewe.

Siku hiyo hiyo alikwenda Kasubi, yaliko makaburi ya Kabaka wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba kubwa ya hapo ni msonge wa nyasi uliojengwa mwaka 1882 uwe kasri, ukageuzwa kuwa kaburi mwaka 1884. Ndani ya paa lake zimo duara 52 za matete, kila moja ikiwakilisha ukoo mmoja wa Baganda. Kazi ya kuliezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, na wengine hawaigusi. Mwaka 2001 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi mwaka 2010 nyumba hiyo iliungua yote, na watu walilia barabarani kama waliofiwa. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 Kasubi paliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mzee alikaa kwenye nyasi za uani akaitazama. Babu yake wa Kihaya naye alilala katika msonge wa namna hiyo, ijapokuwa mdogo. Aliyaona mafungu ya nyasi yalivyopangwa, jinsi ukingo ulivyokatwa sawa kama nywele zilizonyolewa na kinyozi hodari. Katika daftari aliandika: “Nyumba ikiungua hujengwa tena, lakini wawepo wanaojua kuezeka.”

Chakula cha Mwenye Nyumba

Jioni ya siku ya pili mwenye nyumba alimpa chakula ambacho akina mama wa makambini wangependa kukijua. Matoke hayachemshwi ndani ya maji kama ilivyo desturi ya Kagera, ambako ndizi huchanganywa na maharage katika chungu kimoja. Ndizi humenywa, zikafungwa ndani ya majani ya mgomba yaliyolainishwa motoni. Chini ya sufuria huwekwa vikonyo vya majani hayo, maji kidogo hutiwa, na kifurushi huketi juu yake kipikwe kwa mvuke. Zikiiva, mpishi hukikandamiza kifurushi kwa mikono, na majani yakiwa bado yamefungwa, mpaka ndizi zilainike. Kisha hurudishwa juu ya moto mdogo kwa muda mrefu. Mchuzi wake mara nyingi ni wa karanga zilizosagwa. Nyama au kuku naye huweza kufungwa peke yake ndani ya jani lake na kupikwa hivyo hivyo. Chakula hicho huitwa luwombo.

Kwa kuwa ilikuwa Novemba, msimu wa mvua, palikuwa na senene mezani, waliokaangwa kwa vitunguu. Mzee alipowaona alicheka kwa sauti. Bukoba na Kampala, alisema, huwangojea wadudu hao hao, katika mwezi huo huo, chini ya taa zinazofanana. Mama yule alimwuliza kama mwaka 1979 alikula senene. Mzee alimjibu kuwa walikuja mwezi wa Aprili, na taa zilikuwa zimezimwa.

Sokoni

Siku ya tatu alianza kwa Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, kwa sababu alitaka kupaona mahali ambapo Mwalimu Nyerere alisoma katika miaka ya 1940. Jengo kubwa jeupe la chuo hicho liliungua mwezi wa Septemba mwaka 2020, nalo limejengwa upya. Kisha alikwenda kwenye Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, akakaa muda mrefu mbele ya ngoma na ala za nyuzi. Ilikuwepo nanga kama ile aliyoisikia utotoni kwao. Adhuhuri aliiona sanamu ya Uhuru iliyochongwa na Gregory Maloba mwaka 1962: mama aliyeviringishwa vitambaa tangu miguuni amemwinua mtoto, na mtoto amenyoosha mikono juu. Mzee hakukumbuka kama aliwahi kupita hapo.

Alasiri alishuka soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, karibu na uwanja wa Nakivubo. Ni soko la vichochoro vyembamba, ambamo nguo za mitumba zimetundikwa hadi juu na jua huingia kwa vipande. Mzee alitaka kumnunulia mjukuu wake gauni.

“Samahani mama,” alisema kwa Kiswahili, “naomba kuuliza. Gauni hili la mtoto ni shilingi ngapi, tafadhali?”

Muuzaji, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alinyamaza. Alimtazama mzee tangu viatu hadi kofia. Akataja bei, kisha akauliza: “Wewe ni mwanajeshi?”

“Nilikuwa. Wa Tanzania.”

“Nilijua. Sisi tukiwa watoto, Kiswahili kilikuwa kinakuja usiku na kugonga mlango. Mama akisikia ‘fungua’, anatusukuma chini ya kitanda. Mpaka leo nikikisikia nyuma yangu, moyo unaruka. Sasa wewe unasema tafadhali.”

Mzee hakujibu upesi. Yeye mwenyewe alikuwa amegonga milango ya mji ule katika Aprili 1979, akiwatafuta askari waliojificha. Hakuiba kitu, na hakumpiga mtu. Hayo aliweza kuyaapia. Lakini alijaribu kukumbuka kama kwenye mlango hata mmoja alisema neno tafadhali, na hakukumbuka. Kwa miaka 40 na zaidi aliwaambia wajukuu wake kwamba watu walitoka majumbani wakiwashangilia, na ni kweli walitoka. Hakuwahi kuwaambia habari za watoto waliokuwa chini ya vitanda, kwa kuwa hakujua kwamba walikuwepo.

“Mama,” alisema hatimaye, “kama mlango wenu niliugonga mimi, niwie radhi.”

Mwanamke yule alicheka kidogo, akaukunja mkono wa gauni. “Bei sipunguzi kwa ajili hiyo,” alisema. Mzee alilipa bei yote. Alipokuwa akiondoka, mwanamke alimwita, akamtilia ndani ya mfuko soksi mbili za mtoto. “Nyongeza,” alisema, neno ambalo ni moja kwa Kiganda na kwa Kiswahili.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hukitumia Kiswahili kazini kila siku, na watoto wao hukisema makambini. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe mashuleni. Sheria imekwisha kufanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki hufanywa mahali penye kizuizi cha barabarani, kaunta ya kituo cha polisi, na mlango wa mtu. Yule mama wa Owino alihitaji maneno mawili tu, naomba na tafadhali, ili amwulize mgeni habari aliyoibeba tangu utoto.

Mnara wa Saa

Asubuhi ya siku ya nne, kabla ya kupanda basi, mzee alikwenda kuutafuta mnara wake. Alikuwa ameuacha wa mwisho kwa makusudi. Aliufikia kutoka upande wa barabara ya Entebbe, na mara ya kwanza aliupita bila kuuona, kwani siku hizi barabara za juu zimejengwa karibu nao na magari hupita yakiwa hewani. Alipogeuka aliuona umesimama. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka.

Njia panda yake alishindwa kuipata. Alisimama ukingoni mwa barabara akijaribu kukisia kilikokuwa kituo cha petroli, na ulikokuwa ukuta aliouegemea usiku. Magari na boda boda havikumpa nafasi ya kuvuka. Askari wa usalama barabarani, kijana aliyevaa sare nyeupe, alimwona.

“Mzee, ngoja hapo kwanza,” alisema kwa Kiswahili. Aliingia katikati ya barabara, akainua mkono, na magari yakasimama. Kisha akarudi, akamshika mzee mkono, akamvusha polepole huku wenye boda boda wakinung’unika.

Walipofika ng’ambo mzee alimwuliza kama hapo zamani palikuwa na kituo cha petroli, upande wa kushoto, chenye vioo vilivyovunjika.

Kijana alitabasamu. “Mzee wangu, mimi nilizaliwa mwaka 1996.”

Mzee alimshukuru kwa Kiganda alichojifunza: “Webale nnyo, ssebo.” Kijana akampigia saluti, pengine kwa mzaha, pengine kwa sababu aliona namna mzee alivyosimama. Mzee akaijibu saluti ile kama ipasavyo. Alikaa hapo robo saa, mahali alipowahi kukesha siku tisa, naye hakuwa na jambo la kulinda. Akina mama walipita na vikapu, wanafunzi walipita wakibishana, na kaloli mmoja alitua juu ya nguzo ya taa. Aliandika: “Mnara upo. Watu hawautazami. Wana shughuli zao.”

Nyumbani

Alirejea Missenyi usiku wa siku hiyo. Mjukuu wake alilijaribu gauni, likamtosha kwa shida mabegani, na soksi zikamtosha sawasawa. Kisha alilichukua daftari akaanza kulisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima: Mutukula, Masaka, gonja ya Lukaya, Ikweta, vipandio vya msikiti, mirembe, duara 52, senene, mama wa Owino. Hapo alisimama, akauliza kwa nini mama yule aliogopa. Mzee akamweleza yote, hata habari za milango aliyoigonga mwenyewe. Kulikuwa na kimya kwa muda.

“Na vita, babu?” aliuliza mdogo wa kiume, aliyezoea hadithi ya siku zote. “Mbona daftari halina vita?”

“Hiyo umekwisha kuisikia mara nyingi,” mzee alisema. Akamgeukia mjukuu wa kike. “Wewe endelea. Soma ukurasa unaofuata.”